Bakassi: Mpaka Uliorudi kwa Makaratasi

Mwishoni mwa 1993 wanajeshi wa Nigeria waliingia katika rasi ya Bakassi, eneo la mikoko kwenye Ghuba ya Guinea ambalo wakazi wake wengi ni wavuvi wenye asili ya Nigeria. Kameruni haikuwa na ubavu wa kuwatoa, kwani jirani yake aliizidi mara kadhaa kwa watu na kwa jeshi. Yalizuka mapigano na watu wakafa. Hata hivyo, tegemeo kubwa la Kameruni lilikuwa kesi iliyoifungua Machi 1994 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague.

Kesi za mipaka huamuliwa kwa kumbukumbu. Kameruni ilitoa mkataba wa 1913 kati ya Uingereza na Ujerumani, ambao uliiacha rasi yote upande wa Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Kameruni wakati huo. Lakini ushahidi ninaouona mzito zaidi ulitoka kwa Nigeria yenyewe: kwa miaka mingi ubalozi wake mjini Yaoundé ulikuwa ukiiomba Kameruni ruhusa ya kuwatembelea Wanigeria wa Bakassi. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake! Barua hizo za kawaida kabisa zilikuwa miongoni mwa mambo ambayo Mahakama iliyazingatia. Oktoba 2002, majaji 13 dhidi ya 3 waliipa Kameruni rasi hiyo.

Tatizo ni kwamba Mahakama haina polisi. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, aliwakalisha meza moja marais Paul Biya wa Kameruni na Olusegun Obasanjo wa Nigeria, hadi wakatia saini makubaliano ya Greentree tarehe 12 Juni 2006, huku Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani zikishuhudia. Hapo ndipo Kameruni ilipoonyesha busara. Ingawa ilikuwa imeshinda, iliahidi kutowafukuza Wanigeria wala kuwalazimisha kubadili uraia, kuheshimu lugha na uvuvi wao, na kutowabagua katika kodi. Iliridhia pia sehemu ya rasi ibaki chini ya utawala wa Nigeria kwa miaka miwili zaidi. Kwa hiyo Obasanjo aliweza kuondoa jeshi bila kuonekana amewatelekeza watu wake. Makabidhiano yalikamilika tarehe 14 Agosti 2008, japokuwa Seneti ya Nigeria ilikuwa imeyapinga.

Walioumia ni wavuvi. Maelfu walihamia Nigeria, wengi wao wakaishi kama wakimbizi katika jimbo la Cross River, na katika makabidhiano hayo hakuna kura iliyopigwa kuwauliza wanataka kuwa raia wa wapi.