Mtoto Mchanga Hawezi Kungoja

Leo tufikirie watoto wa nchi ya Afrika Kusini wanaozaliwa na virusi vya UKIMWI.

Pengine utauliza: Mtoto ananyonya vizuri na kucheka, dawa ni za nini? Madaktari pia walijiuliza hivyo. Zamani wengi waliona heri kungoja mpaka dalili zitokee au kinga ya mwili ipungue. Lakini kuanzia mwaka 2005, huko Cape Town na Soweto, watoto wenye virusi wa umri wa majuma 6 hadi 12, walioonekana wazima, waligawanywa katika mafungu. Wengine walianza dawa mara moja, wengine wakasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika kila 100 waliosubiri, 16 walikufa. Katika kila 100 walioanza mapema, walikufa 4. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto yeyote mwenye virusi, ambaye hajatimiza mwaka mmoja, aanze dawa bila kungoja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini tutajuaje kwamba anavyo? Kipimo cha watu wazima hutafuta askari wa kinga, si virusi. Mama humpa mtoto askari hao tumboni, nao huweza kukaa mwilini mwake hata miezi 18. Kwa hiyo kipimo hicho huweza kumdhania mgonjwa mtoto asiye na virusi. Ndiyo sababu muuguzi humchoma kisigino na kudondosha damu kwenye karatasi maalumu, ipelekwe maabara kutafutwa virusi vyenyewe.

Tena, kwa miaka mingi dawa ya maji waliyopewa wadogo ilikuwa chungu sana, nao waliitema. Mwaka 2020 kikaidhinishwa kidonge cha dolutegravir cha watoto, ambacho huyeyuka majini na kina ladha ya tunda.

Hata hivyo, kidonge hakijipeleki kinywani. Mtoto hajui saa wala njia ya kliniki. Humtegemea mama, au nyanya anayemlea. Naye mama akiogopa midomo ya majirani, huficha dawa, na anayelipa ni mtoto.

Basi ndugu yangu, ukimwona mama huyo njiani, usimnong'one. Msindikize.