Msafara wa Magari ya Zamani: Barabara Iwe Salama, Hesabu Iwe Wazi



Baadhi ya matawi yetu ya mashamba ya chai yametuuliza swali hili: wenye magari ya zamani wakija kuomba kupita mashambani ili kuchangisha fedha za hisani, tawi lijibu nini? Tunaona swali hili ni la maana. Msafara wa namna hiyo unaweza kuipatia zahanati chumba cha akina mama wanaojifungua. Unaweza vile vile kupita na kuacha vumbi, mchuma chai aliyegongwa, na fedha zisizojulikana zilikokwenda. Kinachotenganisha hayo mawili ni mpango. Basi tueleze mpango huo unavyokuwa.

MSAFARA SI MASHINDANO

Uingereza ndiko unakofanyika msafara wa magari ya zamani unaojulikana kuliko yote, kutoka London hadi Brighton pwani, kiasi cha kilomita 96. Asili yake ni sheria. Sheria ya mwaka 1865 iliamuru gari la mashine liwe na watu watatu, na mmoja wao atangulie mbele kwa miguu akishika bendera nyekundu. Mwendo ulikuwa maili 4 kwa saa nje ya miji na maili 2 mjini. Bendera iliondolewa katika sheria mwaka 1878, lakini mtu wa kutangulia alibaki mpaka mwaka 1896. Tarehe 14 Novemba 1896 wenye magari waliendesha hadi Brighton kufurahia sheria mpya. Safari hiyo ilirudiwa mwaka 1927, na tangu hapo hufanywa kila Novemba, isipokuwa miaka michache kama ile ya vita.

Magari yanayoruhusiwa ni yale yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905. Huondoka alfajiri, na wastani wa mwendo hauruhusiwi kupita maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Hakuna mshindi. Anayefika kabla ya muda kwisha hupewa nishani, basi. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo tawi lidai liandikwe: hakuna zawadi ya kuwahi. Palipo na zawadi ya kuwahi, dereva atabonyeza mafuta.

KUCHAGUA NJIA NA MAJIRA

Tuchukue mfano wa njia ya hapa Uganda, kutoka Fort Portal kwenda Kasese, kama kilomita 75. Uzuri wake hauna mfano: chai Fort Portal, na mlima Rwenzori mkono wa kulia unapoelekea kusini. Lakini njia hiyo ina mambo matatu ya kuangalia.

Kwanza, Fort Portal iko juu na Kasese iko chini. Breki za gari la zamani zikikanyagwa mfululizo katika mteremko hupata moto na kuacha kushika. Dereva ashuke kwa gia ndogo, na pawepo mahali pa kupumzisha magari njiani. Tena mengi ya magari hayo yaliundwa bila mikanda ya kiti.

Pili, Hima kuna kiwanda cha saruji, na malori mazito yamo barabarani. Magari ya polepole yakifuatana kama siafu, lori litalazimisha kuyapita kwenye kona. Ndiyo maana magari huachiwa moja moja. Yakiwa 20, yakaachwa kila dakika 2 kuanzia saa 2 asubuhi, la mwisho litaondoka kabla ya saa 2 na dakika 40. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa na mapumziko ya nusu saa, yote yatakuwa Kasese kabla ya saa 5 na robo.

Tatu, majira. Miezi ya mvua ndipo chai huchipua kwa wingi, wachumaji hujaa barabarani, na mlima hujificha katika mawingu. Miezi ya kiangazi, kama Juni, Julai na Januari, ni bora kwa macho ya wageni na kwa usalama wetu.

Nyuma ya wote lije gari la makanika lenye kamba, maji ya rejeta na mafuta, pamoja na gari la wagonjwa. Kibali kiombwe mapema kwa polisi wa trafiki na kwa serikali ya kila wilaya inayopitiwa.

WATU WA BENDERA

Katika kila njia panda, mahali wachumaji wanapovuka na vikapu na mahali watoto wanapocheza, asimame mtu mwenye bendera. Mara nyingi mtu huyo huwa ni mfanyakazi wa shamba aliyeambiwa na mnyapara, "Jumapili njoo usaidie, ni kazi ya hisani."

Hapa tuwe macho. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku ya mapumziko kila wiki. Kujitolea ni hiari, na anayekataa asiandikwe jina wala asinyimwe kazi Jumatatu. Tena Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humhusu aliyeumia katika kazi yake. Aliyeshika bendera kwa kujitolea akigongwa, mwajiri anaweza kusema, "Huyu hakuwa kazini." Familia itabaki na mgonjwa na bili ya hospitali. Kwa hiyo waandaaji wakate bima ya watu wa bendera kwa majina yao, na tawi lione karatasi ya bima kabla ya siku yenyewe. Ahadi ya mdomo haitoshi.

FEDHA ZIENDE WAPI

Katika nchi jirani ya Kenya, tangu mwaka 1989 hufanyika shindano la Rhino Charge. Magari yake si ya zamani, ni ya kupita porini, na anayeshinda ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine. Tunalitaja kwa sababu ya fedha zake. Kila timu hutakiwa kuchangisha kiasi cha chini kilichowekwa, na kazi ya kwanza ya fedha hizo ilijulikana: uzio wa kulinda msitu wa Aberdare. Uzio huo ulikamilika mwaka 2009, karibu kilomita 400. Mtu anaweza kwenda kuuona, ila asiuguse, maana una umeme.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Magari 20, kila moja likilipa kiingilio cha shilingi 300,000, yanatoa shilingi 6,000,000. Polisi, gari la wagonjwa, makanika, bima na chakula vikigharimu shilingi 4,500,000, kinachobaki ni shilingi 1,500,000. Hicho hakijengi chumba. Lakini kila gari likitakiwa pia kuleta michango isiyopungua shilingi 500,000 kutoka kwa wafadhili wake, zinapatikana shilingi 10,000,000 nyingine. Kanuni iwe hii: kiingilio kilipe gharama, na michango iende yote kwenye hitaji. Fungu hilo liwe na akaunti yake benki, yenye saini tatu, moja ikiwa ya mwakilishi wa wafanyakazi. Kila mchango uandikiwe risiti.

TAWI LITAKE NINI

Kabla ya kukubali, kamati ya tawi ikae na waandaaji na kupata kwa maandishi:

1. Njia, saa za kuondoka na mwendo wa juu kabisa.
2. Kibali cha polisi.
3. Majina na bima ya watu wa bendera, pamoja na chakula na nauli yao.
4. Hitaji lililochaguliwa na wafanyakazi wenyewe katika mkutano, wala si na meneja peke yake.
5. Hesabu kamili kubandikwa kwenye ubao wa kiwanda au shamba ndani ya siku 30.

Wakikubali matano haya, tuwapokee kwa mikono miwili, na watoto wetu wafurahie kuona magari waliyoyaendesha mababu wa wengine. Wakikataa hata lile la tano, tuwaulize kwa upole: kama fedha ni za hisani, kwa nini hesabu iwe siri?

Umoja ni nguvu.