Masafa, Muda na Ndege ya New York

Wazee wetu hawakuyatenganisha masafa na muda. Mtu alipoulizwa kijiji fulani kiko umbali gani, alijibu kuwa ni mwendo wa siku mbili, na jibu hilo lilimtosha msafiri wa miguu, kwani milima, mito na jua la mchana vilikwisha kuhesabiwa humo. Shuleni tumefunzwa kuvitenga viwili hivyo na kuviunganisha kwa kanuni moja: gawanya masafa kwa kasi, upate muda. Kanuni ni sahihi. Linalonikera ni kufundishwa kwake kana kwamba angani hakuna upepo na duniani pana saa moja tu.

Tarehe 28 Oktoba 2018 shirika la Kenya Airways lilianzisha safari ya moja kwa moja baina ya Nairobi na New York. Masafa hayo, yakipimwa juu ya mviringo wa dunia, ni takriban kilomita 11,800. Ndege ya Boeing 787 huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Mwanafunzi akigawanya atapata saa 13 na dakika chache. Abiria, hata hivyo, walitangaziwa saa 15 za kwenda na 14 za kurudi.

Je, njia ya kurudi ni fupi zaidi? La hasha! Katika anga ya Atlantiki ya Kaskazini pepo kali za juu huvuma aghalabu kutoka magharibi. Huizuia ndege iendayo Marekani na kuisukuma irejeapo. Zile kilomita 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe imo safarini. Manahodha wa pwani yetu, waliosubiri kusi na kaskazi, wasingehitaji kuelezwa jambo hili. Ongeza hapo dakika za kupaa na kutua, na njia za anga zisizonyooka kama uzi.

La pili ni la lugha. Tuseme ni Januari, ndege inaondoka Nairobi saa tano za usiku na kutua New York saa kumi na mbili za asubuhi. Hesabu ya haraka hutoa saa saba. Nane zilizosalia zimo katika tofauti ya saa za miji hiyo. Isitoshe, tiketi haisemi saa tano, husema 23:00. Saa ya Kiswahili ni zao la ikweta, ambako jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima. Huko New York, saa kumi na mbili hiyo ya Januari ni giza totoro, nasi twaiita asubuhi!

Ningependa mwalimu wa hisabati na wa Kiswahili washirikiane walau kipindi kimoja, wakiwa na tufe la dunia na uzi. Rula juu ya ramani ya ukutani itapita Nigeria. Uzi ukivutwa juu ya tufe utapita Chad na Algeria.