Gurnah aliandika miaka 17 kabla ya kitabu cha kwanza

Tangu Abdulrazak Gurnah, mwana wa Zanzibar, apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, vijana wa pwani wanaotaka kuandika riwaya huniuliza habari zake kuliko za mwandishi mwengine yeyote. Wanataka siri. Aliandika usiku au alfajiri? Kwa kalamu au kwa kompyuta? Mimi naona jibu liko kwenye miaka yake.

Alizaliwa 1948. Mapinduzi ya 1964 yalimkuta bado kijana mdogo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akakimbilia Uingereza. Huko ndiko alikoanza kuandika, akiwa na umri wa miaka 21 hivi. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka mwaka 1987, alipokuwa na miaka 38. Hesabu mwenyewe. Katikati hapo hakukaa bure akingoja kuwa mwandishi: alisoma, akafundisha Kano, Nigeria, akapata shahada ya uzamifu Chuo Kikuu cha Kent, kisha akafundisha huko huko Kent mpaka akastaafu. Kufikia siku ya Nobel alikuwa na riwaya 10. Ni kama moja kila miaka mitatu na ushei, na karibu wakati wote huo ana wanafunzi na karatasi za kusahihisha.

Katika hotuba yake ya Nobel alieleza kwamba skuli, Zanzibar, kuandika kulikuwa kama mchezo tu. Mwalimu akisema andikeni, wanaandika. Kuandika kwenyewe kulikuja ugenini, kwa upweke na kutamani nyumbani. Baadaye akaona kwamba historia ya kwao inasimuliwa upya na walioshinda, na watu aliowajua wanafutwa ndani yake. Hapo ndipo kalamu yake ilipopata kazi.

Lakini kisa ninachotaka vijana wakishike ni cha mwaka 1984. Mwaka huo ndipo alipoweza kurudi Zanzibar kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Amewahi kusimulia kwamba alimtazama babake, mzee tayari, akienda msikitini, akajiuliza: huyu alikuwa mtoto wakati Wazungu wanajiimarisha huku kwetu, mambo yale yalionekana vipi machoni pa mtoto? Babake hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Swali lile lilizaa Paradise, iliyotoka 1994 na kuingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker. Ni hadithi ya Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayetolewa rehani kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni la babake. Miaka 10 kutoka swali hadi kitabu. Tena hakumaliza nalo. Paradise inaishia kwa askari wa Wajerumani, na mwaka 2020 akawarudia askari hao hao katika Afterlives.

Sasa tujitazame. Mzee aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1963, Mwambao huu ulipokuwa ungali ukihesabiwa milki ya Sultani wa Zanzibar, leo amepita 70. Tunamuona kila Ijumaa, tunamwamkia shikamoo, tunapita. Bendera ya Sultani ilipoteremshwa, nyumbani kwao watu wazima walisema nini? Nani alilia, nani alifurahi, nani alifunga duka? Vitabu vya historia vina mikataba na majina ya wakubwa. Maneno yaliyosemwa jikoni hayamo. Wazee hawa wanaondoka, wengine mwezi huu huu, na kila jeneza tunalolibeba lina riwaya ambayo hakuna aliyeiuliza.

Binti mmoja wa Kisauni aliniandikia ana kurasa 11 kuhusu nyanyake, muuza mahamri, na anataka nimtajie mchapishaji. Nikamuuliza kama nyanya yuko hai. Yuko. Basi mchapishaji angoje. Nenda ukakae naye, muombe ruhusa, washa simu irekodi, muulize alinunua unga wapi na kwa bei gani, nani alimkopa asimlipe. Riwaya hula vitu kama hivyo.

Jambo jengine ni maneno. Gurnah anaandika Kiingereza, lakini Kiswahili na Kiarabu cha watu wake hukiweka humo bila kuomba radhi. Vijana wetu wanaandika Kiswahili, kisha wanataja kanzu na kutueleza kanzu ni nini, kama kwamba msomaji wao anakaa Oslo! Muandikie jirani yako. Na wanaomlaumu Gurnah kwa lugha aliyoichagua, mimi simo. Adam Shafi alichagua Kiswahili akatupa Vuta n'kuvute. Kila mtu na kalamu yake. Linaloniuma ni kwamba Paradise ilingoja hadi 2022 kuwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Miaka 28 kitabu chetu kilisomwa na wengine.

Anayetaka kujua alivyotutazama sisi wa huku Kenya atafute Desertion. Inaanza mwaka 1899 katika mji mdogo wa pwani, kaskazini ya Mombasa: Hassanali, mwenye duka, anatoka alfajiri kwenda kufungua msikiti, na gizani anaona mtu anamjia.

Kuhusu kuchapisha, wachapishaji wetu wengi hutegemea vitabu vya shule, kwa hivyo msishangae mkikawilishwa majibu. Ipo tuzo ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, siku hizi Safal, ambayo imekuwa ikipokea hata miswada isiyochapishwa. Lakini wao husoma kazi iliyokamilika. Kurasa 11 hazitoshi, na binti wa Kisauni nimeshamwambia.