CHUMBE: DARASA LA SAYANSI BAHARINI

Mtoto azaliwaye Unguja huiona bahari kila siku, hula samaki wake, na pengine hulala katika nyumba iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Lakini wengi humaliza shule bila kupata kuyaona matumbawe yaliyo hai. Wasichana hasa, ambao aghalabu hawafundishwi kuogelea, huijua bahari ya magotini tu, waendapo kuokota chaza maji yanapokupwa.

Kisiwa kidogo cha Chumbe, kilichoko kusini-magharibi ya mji wa Zanzibar, kimegeuzwe darasa la kuondoa upungufu huo. Mwamba wa upande wake wa magharibi ulitangazwa na Serikali kuwa hifadhi mwaka 1994, na uvuvi ukapigwa marufuku humo. Wavuvi wa vijiji jirani walifunzwa kazi ya ulinzi. Mapato yatokanayo na watalii ndiyo yanayogharimia masomo ya watoto.

Wanafunzi huvaa makoti ya kuelea na miwani ya kuzamia, wakaelea juu ya mwamba wakiongozwa na walinzi. Hapo hudhihirika kwamba tumbawe si jiwe wala mmea, bali ni kundi la wanyama wadogo wanaojijengea makao ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani wa chembe moja, usioonekana kwa macho matupu. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mwenyeji wake. Ndiyo maana miamba ya matumbawe hustawi penye maji maangavu, yasiyo na kina kirefu.

Ushirika huu ni dhaifu kuliko mtu anavyodhani. Joto la maji likizidi lile la kawaida la msimu wa joto kwa nyuzi 1 au 2 tu, kwa majuma kadhaa, tumbawe huutoa mwani wake na kupauka. Hali hiyo ikidumu, hufa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yaliangamia hivyo, na mwaka 2016 yalipauka tena.

Mwalimu aliye mbali na Chumbe anaweza kuanza na kipande cha jiwe la maweni na siki kidogo. Mapovu yatokeayo ni kabonidayoksaidi, ishara ya chokaa. (Tumbawe hai lisivunjwe kwa jaribio hili, mawe ya zamani yanatosha.)

Kwa mtoto wa mvuvi, jambo gumu kukubali ni ile marufuku yenyewe. Jibu limo katika uzazi wa samaki. Jike kubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jike dogo, na samaki hukua wakawa wakubwa pale wasipovuliwa. Mayai na vitoto huchukuliwa na mikondo ya maji hadi miamba mingine; nao baadhi ya samaki wakubwa huvuka mpaka wa hifadhi, wakaingia maji ambamo dema na mishipi vinaruhusiwa.