Vyeti vya Garsen na macho ya mwajiri

Tangu lami ifike Lamu, Garsen hupitiwa na kazi nyingi kuliko zinazosimama. Malori ya kokoto, mitambo, magari ya mashirika ya misaada, vyote hivyo huchepukia Gamba na Witu, au hukata kona ya Minjila kwenda Hola. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, vijana wa Tana Delta walitarajia kuitwa. Lalamiko unalolisikia hadi leo ni kwamba kandarasi huja na watu wake.

Lalamiko hilo lina ukweli, lakini si wote. Mwenye kandarasi hawezi kumtafuta mtu asiyemjua kuwa yupo. Ngao kuna mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za kijiji chake, Kipini kuna nahodha anayeujua mdomo wa mto usiku na mchana, na karatasini wote wawili hawapo. Msimamizi ana siku mbili za kujaza nafasi, na bima yake inamdai ushahidi. Atampigia simu mtu wa Mombasa mwenye cheti.

Kwa fundi wa jua kali, njia ya karibu ni mtihani wa ufundi wa mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, unaoanzia Gredi ya Tatu na kupanda hadi ya Kwanza. Hupimwa zaidi kwa kazi ya mikono, na huulizwi sana ulisomea wapi. Serikali pia imeweka sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, chini ya mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu, KNQA, ili aliyejifunza kwa mjomba wake chini ya mwembe naye apimwe na apewe cheti. Mwenye boti aende kwa Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Baada ya boti kuzama Kona Punda wakati wa mafuriko ya Aprili 2024, hakuna shirika makini litakalopakia watu wake kwenye chombo cha nahodha asiye na hati.

Wenye vyeti nao wana kasoro yao: huvificha. Vinalala kwenye bahasha ya kaki, bahasha imo sandukuni, sanduku liko chini ya kitanda, na Tana ikifurika, kama ilivyofurika Novemba 2023, kitanda chenyewe huelea. Cheti cha baraza la mitihani, KNEC, kilichopotea hupatikana tena, lakini kwa ripoti ya polisi, ada na subira. Ni nafuu kupiga picha safi mapema, kuihifadhi kwenye barua pepe yako, na kuwa na nakala zilizothibitishwa na wakili. Garsen ina Mahakama Kuu, na penye mahakama hapakosi wakili.

Kuhifadhi hakutoshi, lazima kionekane. Wasifu mwingi wa vijana wetu huanza na shule ya msingi na kumalizia, ukurasa wa tatu, na kile ambacho mwajiri alikuwa akikitafuta. Ugeuze. Juu kabisa, chini ya jina, andika cheti kinacholingana na kazi iliyotangazwa: fundi wa kuchomelea, NITA Gredi ya Pili, mwaka, namba ya cheti. Semina ya siku moja ya ufugaji wa kuku iache nyumbani ikiwa unaomba udereva. Fanya vivyo hivyo kwenye LinkedIn, na kwenye kundi la WhatsApp ambamo matangazo ya kazi ya kaunti husambazwa kabla hayajabandikwa ukutani Hola.

Namba ya cheti ina uzito. Mapema 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kuwa imegundua vyeti ghushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi, na tangu hapo waajiri huthibitisha kwanza ndipo waamini. Taja aliyekitoa na mwaka, uwarahisishie. Lakini picha nzima ya cheti, pamoja na namba ya kitambulisho, usiibandike Facebook. Wauza vyeti bandia nao wana macho.

Kuna ujuzi usio na cheti ambao mwajiri wa Tana River huuhitaji kila mara: lugha. Shirika linalotafuta wahoji wa utafiti huhitaji mtu anayesema Kipokomo, Kiorma au Kisomali, na nimeona vijana wenye lugha tatu wakizisahau kwenye wasifu kwa sababu hawakuzisomea. Ziandike karibu na vyeti, na uonyeshe ulizitumia katika kazi gani.

Cheti hakitamshinda mjomba aliyekaa ofisini, hilo halina haja ya kufichwa. Kinachoweza kufanya ni kumpa mwajiri asiye na mjomba sababu ya kukuita. Na kandarasi inapokwisha, kabla msimamizi hajapanda gari kurudi Nairobi, mwombe barua yenye muhuri inayotaja kazi uliyofanya, muda wake na namba ya simu ya kampuni. Akishavuka Malindi hutampata tena.