Insipidus: 'kisukari' kisicho na sukari, na jina lililowaponza wagonjwa

Kuna ugonjwa unaitwa diabetes insipidus. Ukisikia hilo neno la kwanza, akili inakimbilia sukari moja kwa moja. Kumbe huu hauhusiani na sukari kabisa.

Diabetes ni neno la Kigiriki lenye maana ya kupita katikati, kama maji kwenye bomba: mgonjwa anakunywa, anakojoa, anakunywa tena. Zamani hakukuwa na maabara, kwa hiyo madaktari walipima mkojo kwa ulimi. Ndiyo, waliuonja. Karne ya 17, Mwingereza Thomas Willis aliandika kuwa mkojo wa wagonjwa wake ulikuwa mtamu kama asali. Kisukari hicho ndicho baadaye kikaitwa mellitus, Kilatini cha "chenye asali". Lakini wapo ambao mkojo wao haukuwa na ladha yoyote. Ugonjwa wao ukapewa jina insipidus, yaani usio na ladha. Kwa Kiswahili cha jikoni: chapwa.

Shida ya hawa wa pili iko kwenye vasopresini, homoni inayotengenezwa kwenye ubongo na kuziambia figo zibakize maji mwilini. Ikikosekana, au figo zisipoisikia, maji yanatoka tu. Mtu anaweza kukojoa zaidi ya lita 3 kwa siku, wengine hata 20, mkojo hauna rangi. Insulini haisaidii kitu hapa. Anayekosa homoni hiyo hupewa desmopresini, na maji ya kunywa asinyimwe hata kidogo.

Hapo ndipo jina linapoleta balaa. Muuguzi anaona "diabetes" kwenye faili, anapima sukari, anakuta iko sawa, anaendelea na mengine. Mwaka 2009, jijini London, kijana wa miaka 22 aliyelazwa kwa upasuaji wa nyonga alikosa dawa yake, akafa kwa kuishiwa maji mwilini. Kabla ya hapo alikuwa amepiga simu polisi, akiwa kitandani, kuomba maji.

Mwaka 2022 wataalamu wa homoni wakapendekeza majina mapya: upungufu wa vasopresini, au ukinzani wa vasopresini pale figo zinapoikataa. Wagonjwa zaidi ya 1,000 walikuwa wameulizwa, na asilimia 80 walisema ugonjwa wao umewahi kuchanganywa na kisukari cha kawaida.

Kwa sasa jina la zamani bado huandikwa pembeni ya jipya. Kwa hiyo ndugu yako mwenye ugonjwa huu akilazwa, mwambie muuguzi wa kila zamu: sio sukari, ni maji.